Maneno ya Watoto Yamekubaliwa, Zarina

Riruta,
Septemba 2006

Zarina,

Wamekubali. Naanza na hilo kwa sababu hukuwa na subira ya kusikiliza habari kwa mpangilio. Nikianza kueleza jambo tangu asubuhi yake, ulikuwa ukinikata: "Njoki, nipe mwisho kwanza, halafu urudi polepole." Basi mwisho ndio huo. Tasnifu imepita, na sura yako imo ndani, nzima. Sasa nirudi polepole.

Siku ulipotutoka, habari ilinikuta darasani, na maziko yalikuwa jioni hiyo hiyo, kama ilivyo kwenu. Nilifika nyumbani kwenu Kilimani na vumbi la chaki mikononi. Mama yako alinifunika kichwa kwa mtandio wako wa kijani, akaniketisha karibu naye kati ya wanawake waliokuwa wakisoma. Sikujua hata dua moja. Nilikaa tu. Kila aliponigeukia aliniita "beta", mwanangu, vile alivyokuwa akikuita wewe, nami sikujua nifurahi au nilie.

Shuleni kiti chako bado kiko pale dirishani katika chumba cha walimu. Hakuna anayekula githeri na achari ya embe tena, kama ile uliyokuwa ukituletea. Mwalimu Otieno alijaribu. Alinunua chupa dukani, akaonja, akasukuma sahani. "Hii ni siki tu," akasema. "Yule msichana alituharibia ndimi, sasa ametuacha na chakula baridi." Tulicheka. Ilikuwa mara ya kwanza kwetu kucheka tangu uondoke, na kila mtu alikuwa akiangalia pengine.

Lakini nilitaka kukuambia habari ya tasnifu.

Wiki chache baada ya maziko, msimamizi wangu aliniita ofisini kwake mjini. Si mtu mbaya, unamjua. Alinipa pole, akanimiminia chai kwenye kikombe chake mwenyewe. Halafu akasema, "Ile sura ya kompyuta iondoe. Ni kazi ya marehemu. Wakiuliza, nani atajibu? Baki na maktaba, hapo uko salama."

Nilijua ana sababu. Tulipoanza uzamili, wewe teknolojia ya elimu na mimi ukutubi, kazi ya maktaba, tulipanga kila mmoja aandike upande wake wa kazi moja. Wewe ungeeleza ile programu uliyoitengeneza ya kutafuta vitabu, mimi ningeeleza jinsi watoto wanavyovitafuta. Wewe hukuwahi kuandika. Uliniachia programu yenyewe, na maelezo uliyokuwa ukinipa kwa mdomo tukila chipsi zako zenye pilipili ya kunitoa machozi, tukitoka darasa la jioni; kutokana na hayo nikaiandika sura yako mimi. Na mimi kompyuta ni ile uliyonifundisha wewe. Nikibonyeza kitu kibaya mpaka leo naondoa mkono haraka, kama niliyeshika sufuria ya moto.

Nilirudi nyumbani nikajaribu kuiondoa ile sura. Kweli nilijaribu. Ila kila nilipofuta aya moja, iliyofuata haikusimama. Maana ungesemaje habari ya maneno ya watoto bila kusema yalikaa wapi?

Unakumbuka yalivyoanza. Tulikuwa tumemaliza kuingiza vitabu vyote kwenye mashine, kila kimoja na mada yake sawasawa kama nilivyofundishwa chuoni. Tulijiona sana. Akaja yule msichana wa darasa la nne, Akinyi, mwenye pengo mbele, akasimama mlangoni: "Mwalimu, nataka ile ya mtu hana ngozi." Nikamwambia aandike mwenyewe kwenye kompyuta. Akaandika kwa kidole kimoja. Mashine ikasema hakuna kitu. Akainua mabega, akaenda zake. Na kitabu cha mwili wa binadamu kilikuwa nyuma yake, rafu ya chini.

Wewe ulicheka mpaka ukakaa. Halafu ukaacha kucheka. "Njoki, hii mashine ni mgeni hapa. Haijui vile watoto wetu huongea." Ukamwita Akinyi arudi, na mbele yake ukaongeza kwenye programu nafasi ya maneno ya mtoto mwenyewe. Kuanzia hapo ikawa ndiyo desturi yetu. Mtoto akikosa kitabu, tunamuuliza anatafuta nini, tunampa, kisha maneno yake yanaingia vile vile alivyoyasema. Ile ya mlima inatapika. Ile ya fisi mjinga. Ile ya vita na farasi. Watoto wakaanza kuja wakati wa mapumziko kuona kama maneno yao bado yamo.

Sasa nikubali kuondoa hiyo? Ningebaki na tasnifu safi isiyo na mtu ndani. Nilimwandikia msimamizi kwamba sura inabaki. Akanijibu kwa mstari mmoja tu: "Basi jiandae."

Siku ya kuitetea ilikuwa Agosti, shule zimefungwa, mji una baridi ile ya kuuma vidole. Nilivaa sweta ya bluu uliyokuwa ukiisema ni ya mtawa. Watahini walikuwa wamepanga makaratasi yao, na msimamizi wangu amekaa pembeni, uso hausomeki. Stima haikupotea, namshukuru Mungu. Nikaeleza upande wangu vizuri. Ilipofika sura yako sauti ilishuka, nikalazimika kunywa maji.

Mama mmoja kati yao aliuliza swali zuri, Zarina, nataka ulijue. Alisema, "Maneno ya mtaani hubadilika kila mwaka. Hawa watoto wakimaliza darasa la nane, mtafanya nini na maneno yao?" Nilishukuru moyoni, kwa kuwa nilishawahi kukuuliza hilo hilo. Nikamjibu ulivyonijibu: tunaongeza, hatufuti. Wa leo asimfukuze wa jana. Akaandika kitu. Akasema pia kwamba niliandika kama vile mada za kawaida za maktaba hazina kazi, na hilo si kweli, kwa sababu bila hizo hata sisi tusingekipata kitabu cha kumpa mtoto. Alikuwa na haki. Nimelirekebisha.

Kisha profesa mzee aliyeketi katikati akasogeza kiti. "Naweza kujaribu mwenyewe?" Nikamgeuzia kompyuta. Akafikiri kidogo, akaandika, nasi sote tukaona ukutani kupitia projekta: ile ya joka linalomeza mbuzi.

Hakuna kilichopatikana.

Nilimwona msimamizi wangu akishusha macho. Nilijua anasema moyoni, nilikuonya. Na nikakutafuta, Zarina. Niligeuka kabisa upande wa kushoto, mahali ulipozoea kukaa tukiwa na kompyuta, na palikuwa na kiti kitupu na mkoba wangu.

Sijui kwa nini nilifanya nilichofanya. Labda ni mazoea tu. Nilimwinamia yule mzee kama ninavyomwinamia mtoto wa darasa la nne, nikamwuliza, "Unatafuta kitabu gani, Profesa? Nieleze."

Akanitazama. Halafu akaeleza. Alisema alipokuwa mdogo kulikuwa na kitabu shuleni kwao chenye picha ya chatu amemeza mbuzi, tumbo limevimba, pembe zinaonekana kwa ndani. Hakuwahi kuruhusiwa kukiazima kwa sababu vitabu vilifungiwa kabatini. Nikatafuta kwa mada, wanyama watambaao, kikatokea kimoja chetu chenye chatu. Si kile chake, lakini chatu yumo. Nikaingiza maneno yake pale pale, kama tulivyokuwa tukifanya kila siku. "Sasa jaribu tena," nikamwambia.

Akaandika. Kikatoka.

"Kumbe!" akasema, akapiga meza kwa kiganja. "Kwa hiyo sasa nami nimo humu?"

"Umo," nikamwambia. "Na hatutakufuta."

Wakacheka wote, na yule mama akasema, "Profesa, sasa wewe ni darasa la ngapi?" Hapo ndipo nilipoweza kueleza sura yako yote bila maji. Mashine ikisema haijapata, kazi haijashindwa. Hapo ndipo inapoanza. Sikuwahi kuielewa vizuri hivyo hata ulipokuwa hai.

Walinitoa nje wakashauriana. Nilisimama koridoni nikisoma tangazo moja la zamani ukutani bila kuelewa neno. Waliponiita, profesa alisema nimepita, na kuna marekebisho. La kwanza ni lile nililolitaja juu. La pili alilisoma polepole: sura ya programu ioneshe wazi kabisa, kwa jina, kwamba iliundwa na Zarina, na jina hilo liwe kichwani mwa sura, si chini kwa herufi ndogo.

Nililia, ndiyo. Lakini haikuwa kama mwezi wa tatu, ulipotutoka. Ilikuwa kama mtu aliyetua ndoo ya maji kutoka kichwani baada ya kupanda kilima. Msimamizi wangu alinisindikiza mpaka mlangoni, akanishika mkono. "Ulikuwa na mtu wa kujibu," akasema.

Jumamosi nilienda Kilimani. Mama yako alipika bhajia, akasahau chumvi, tukazila hivyo hivyo. Nilimsomea ukurasa wenye jina lako. Akauliza, "Kwa hiyo wamempa na yeye digrii?" Ilibidi nimwambie hapana, Auntie, digrii hawakumpa, lakini kazi yake wameikubali na wengine watajifunza kwayo. Akaushika ule ukurasa. Kisha akasema, "Haya. Kazi ndiyo alikuwa anaipenda. Karatasi alikuwa anapoteza tu." Na ni kweli, rafiki yangu. Mama yako anakujua.

Usingizi umerudi. Nakula. Nataka ujue hivyo pia.

Muhula huu kuna mwalimu mpya wa kompyuta, kijana mpole anayetoka Uthiru. Nimemwonesha programu, na nimemwambia ni ya nani kabla hajagusa kibodi. Nakuahidi hivi: kila atakayeketi pale, nitamwambia. Na nakala ya kwanza ikitoka kwa fundi wa kutia majalada, nitampelekea mama yako mwenyewe, mkononi.

Pumzika, Zarina. Sasa naweza kukuacha upumzike. Na huko uliko, mara moja moja, unikumbuke.

Wako,
Njoki