Damu Iliyotolewa Mfungoni

Deesa, 4 Septemba

Mtawa Mkuu unayetuongoza katika mfungo huu, wazee wadhamini wa hekalu, akina mama, vijana. Na mwisho kabisa wewe, mdogo wangu Ansuya, utakayeupokea waraka huu huko Palanpur baada ya wote kuusikia: salamu. Natumai hujambo, na binti yako Rutvi hajambo.

Mimi sijambo, ila jino moja sinalo. Siku ya tatu ya mfungo nilitoa damu ukumbini, katika kambi ya kuchangia damu uliyotuomba kwa ajili ya Rutvi. Niliposimama, masikio yalivuma, jasho la baridi likanitoka, macho yakaingia giza, nikaanguka kifudifudi mbele ya jumuiya nzima, jino likang'oka. Wakanimiminia maji ya sukari kinywani, na mfungo wangu ukavunjika. Mwili umekataa. Nikiwa mwenyekiti wa wadhamini, nimeifunga kambi hiyo.

Kaka yako,
Rasiklal

Palanpur, 7 Septemba

Kaka,

Shikamoo. Pole kwa jino. Huku hatujambo nusu: Rutvi, kwa ugonjwa wake wa damu, anaishi kwa kuongezewa damu ya watu, na wewe umefunga mlango inakopitia.

Mwili haukukataa, ulikuwa na kiu. Damu ikipungua, mishipa hujikaza na moyo huongeza mbio ili ubongo usikose. Mtu aliyekunywa na kula hurudishiwa maji ya damu yake upesi, ingawa chembe nyekundu hungoja majuma. Wewe hata maji ya kuchemsha tunayoruhusiwa mfungoni uliyasusia, ili umshinde jirani. Muuguzi alipokuuliza umekula nini, ulijibu, "Binti, nimeshiba ibada!" Ukapigiwa makofi. Ulitafuta sifa mbili kwa mkono mmoja; sasa wataka mwanangu alipie jino lako.

Siku ya kuombana msamaha, inayofunga mfungo, ni keshokutwa. Usiniandikie.

Mdogo wako kwa kuzaliwa tu,
Ansuya

Deesa, 23 Septemba

Ansuya, pamoja na jumuiya mnaosomewa haya, salamu.

Sikukuandikia, kama ulivyoagiza. Juzi nilikwenda hospitali, wala si kwa ajili yako. Rutvi alikuwa akingoja damu ambayo haikuwapo. Midomo imepauka, lakini alinicheka.

"Mjomba, nasikia uliwasujudia akina mama!"

Nikamweleza yaliyonipata: masikio, jasho, giza.

"Hayo tu? Mimi damu ikichelewa ndivyo ninavyoamka. Wewe ulilala hivyo siku ngapi?"

"Dakika chache. Waliniinua miguu, nikanywa maji."

"Basi una bahati," akasema, akageukia ukutani.

Ulimi wako, Ansuya, ni wembe. Habari ya makofi sikusamehe, kwa kuwa ni kweli.

Ndugu zangu, uamuzi ni huu. Jumapili ukumbi utafunguliwa. Kila mtoaji ale, anywe maji, na akishatoa aketi kwanza. Aliyefunga arudishwe mlangoni, hata awe nani. Mimi siruhusiwi kutoa tena mpaka miezi ipite. Nafasi yangu kwenye kitanda cha kutolea damu haina mtu. Aijaze mmoja wenu.

Mjomba wa Rutvi,
Rasiklal