Zile Pana Hazitoki Rudewa

Rudewa, Kilosa
14 Juni 1998

Kaka Casmir,

Shikamoo. Nakupa shikamoo yako nzima kwa sababu mama alitulea hivyo, ingawa naandika nikiwa na hasira. Natumaini wewe na wifi Irine mmerudi salama kutoka ukweni Ifakara, na watoto wamechangamka. Sisi huku wazima. Mama mguu umepoa. Anakwenda kisimani mwenyewe na kurudi akilalamika, ndipo tukajua amepona.

Mvua za Elnino zimekwisha angani, chini bado zipo. Majaruba yamekuwa uji na mpunga umekomaa humo humo. Unajua mambo ya siku hizi: mnunuzi si ushirika peke yake. Malori ya wafanyabiashara yanasimama barabara kuu, na dereva wa lori hana shangazi Rudewa wa kumfanya asubiri. Mpunga ukichelewa kutoka, unaota shambani. Kwa sasa anayeutoa ni mimi.

Ndiyo sababu barua yako ilinichoma. Unaniamuru nikupe zile mbao pana za kuteleza kwenye theluji, tajiri yako Mzee Nassir azitundike ukutani kwenye nyumba yake ya wageni hapo Mikumi, wazungu wakila wazitazame. Unasema mbao ni mbao, nibaki na zile za kati kwa kuwa zinafaa kote. Kaka, ngoja nikukumbushe siku tulipogawana vitu vya marehemu baba, vile alivyoachiwa na yule mzungu mtaalamu wa maji ambaye baba alikuwa akimlindia nyumba. Ulichukua friji. Ulichukua redio. Mjomba Wenceslaus alipouliza mimi napata nini, ulinisukumia jozi tatu za mbao, nyembamba, za kati na pana, ukasema nijengee banda la kuku. Watu walicheka, na wewe ulicheka kuwashinda. Leo hizo hizo zimekuwa mali ya familia?

Banda sikujenga. Jirani yetu Shimba, yule Msukuma aliyehamia na ng'ombe wake, kwao mzigo wa shambani huburuzwa na maksai juu ya gogo lenye panda. Nilimwonyesha mbao, akazigonga kwa kidole, akauliza kama wazungu hutengeneza panda zao kiwandani. Tukatengeneza kitanda cha miti, tukakifunga juu ya mbao mbili, maksai wakavuta.

Nilianza na zile za kati, zenye upana wa vidole vinne, kwa akili kama yako hiyo. Mlimani kwa wakulima wa maharage, kwenye njia ya ubavuni, ziliserereka upande, na gunia tatu zikaenda korongoni. Nikazishusha kwenye majaruba, zikazama mpaka maksai mmoja akapiga magoti. Shimba aliniambia chombo hiki ni kama bwana harusi mzee: kila kazi anaijua, hakuna anayoimaliza.

Basi nikapima. Nyembamba zina vidole vitatu, na kingo zake za chuma zinauma udongo wa mlimani kama kucha; mzigo haukimbii. Zipeleke kwenye tope na gunia nne uone: kitanda kizima kinalala. Pana zina vidole sita. Gunia zile zile nne, tope lile lile, zinaelea, maana uzito umepata pa kukaa mara mbili. Lakini pana nazo ukizipandisha mlimani zinateleza kama sahani iliyopakwa mafuta. Kwa hiyo nyembamba ni za mlima, pana ni za bonde, na hapo nimemaliza Rudewa yote. Zile za kati zinafaa barabara kavu tu, na barabara kavu ina baiskeli. Ukichukua pana hujachukua jozi moja kati ya tatu. Umechukua bonde zima, pamoja na mpunga wa watu walionipa ahadi nami nikawapa yangu.

Dereva wa tajiri yako, Bonifas, alikuja Jumamosi kama ulivyopanga. Alitamka neno "amri ya kaka" mara mbili kabla hajakaa. Nikampa ugali na mlenda, akala, akalegeza mkanda, nikamweleza kwamba pana ziko matopeni na hazitoki. Akasema hawezi kurudi mikono mitupu. Nikamwambia hatarudi mitupu, nikafunga zile za kati juu ya gari, nikapanda na mimi mbele.

Sasa nisome vizuri hapa.

Mzee Nassir alinipokea kwa heshima, akaniagizia chai. Ukuta ulikuwa umeshapakwa rangi, misumari imeshapigwa, na chini yake kibao kimeandikwa vizuri kabisa: Casmir, mshindi wa pili, Ulaya, 1989. Nilikisoma nikadhani ni Casmir mwingine. Mzee akaniambia kwa furaha kwamba ndiyo sababu alikutoa stoo akakuweka kupokea wageni, kwa kuwa umeishi kwao na kucheza michezo yao, na kwamba mwezi ujao wanakuja wageni wa huko huko kwenye theluji, nawe utakaa nao meza moja. Kisha akaniuliza kama nilikuwa nakuandikia barua miaka ile ulipokuwa ng'ambo.

Nafasi ya kunyamaza nilikuwa nayo, kaka. Chai ilikuwa mkononi, ningeweza kunywa. Lakini nilikumbuka ulivyocheka, na nikaona hata ushindi umeutafuta juu ya mbao zangu. Nikamwambia mwaka 1989 ulikuwa Kilosa mjini ukipima pamba, na mbali kabisa ulikofika siku hizo ni Morogoro kung'oa jino. Nikamwambia mwenye mbao ni mimi, na hizi namwazima tu.

Hakufoka. Aling'oa kibao kwa mkono wake akakitia kabatini. Akasema hatakuuliza lolote mbele ya watu; atakungoja uingie ofisini, asikilize utakavyoanza wewe mwenyewe. Kazi yako iko kwenye sentensi hiyo ya kwanza. Hayo ameyasema mbele yangu tu.

Ndiyo maana barua hii haiji mapokezi. Naituma kwa Joha wa jikoni hapo kwenu; nilishamwapisha nikiwa huko akushike mlango wa nyuma ukitoka Ifakara, kabla hujaonana na mzee. Siombi radhi kwa nilichosema, na pana hazitoki. Lakini usiingie mle ndani na Ulaya yako. Ingia na Kilosa.

Mama anakusalimu, anasema umletee wajukuu zake. Shimba naye anakusalimu, Mshindi wa Pili. Wifi Irine mpe pole ya safari, na kama hayajui haya, mwambie wewe kabla Joha hajamwambia.

Ni mimi mdogo wako,
Marciana