Kofia ya Salum na Unyevu wa Machi

Jumatano, Machi

Kumbe kosa langu mwenyewe. Kuta zilipoanza kutoa jasho asubuhi, nilifungua madirisha yote nyumba ikauke, kama tufanyavyo kwetu Unguja. Sakafu ikazidi kuteleza. Mama mwenye nyumba alipanda kwa hasira: "Funga! Hewa ya nje imelowa, unakaribisha maji ndani! Mumeo alijua, wewe hujui?"

Kweli, kila masika Salum ndiye aliyefunga. Sikuwahi kumuuliza sababu.

Nikakimbilia kabatini. Kofia yake, ile niliyomshonea kabla ya ndoa, imeota ukungu ukingoni. 

 Mama yule alipoiona, akaniletea mashine yake ya kukausha hewa, akauweka waya wake juu ya stuli, mbali na maji. Jioni kofia ilikuwa kavu, na ukungu ukatoka kwa brashi. Lakini nikiirudisha kabatini, mwakani je?

Nikampigia Hamadi, mdogo wake Salum, aliyeko soko la vitambaa la Zhongda, mji huu huu.

"Shemeji, kofia unavaa namba ngapi?"

"Ile ile ya marehemu kaka. Tuliibiana kofia tangu utotoni."

"Basi njoo kesho uichukue yake. Hii huibi, unapewa."