Mishono Nje

Jumanne, 4 Machi

Nimevaa gauni kinyume tena, mishono nje. Fundi cherehani mzima! Miaka yote nashona sare za watu, leo mshono mdogo wa ubavuni unanichoma kama pasi. Lebo nimezikata zote. Mama kaingia na chai, kanitazama, kaguna. Ati wageni wakija watadhani nimerukwa na akili. Wageni gani? Wenzangu wa kiwandani wameota mbawa wote.

Kijiko kiligonga kikombe. Nimekisikia mpaka kwenye meno.

Jumatano, 5 Machi

Daktari wa hospitali alishanieleza: uchovu sugu, na mishipa ya fahamu imekuwa kama mlinzi mwoga, inapiga kelele hata paka akipita. Nilimwelewa. Nilipoeleza nyumbani, dada akasema hata yeye huchoka. Haya! Yeye anachoka, analala, anaamka mzima. Mimi naamka nimechoka kuliko nilivyolala.

Firimbi kapiga simu — msimamizi wetu, jina tulimpa kwa sauti yake. Ijumaa niende kwa daktari wa kampuni. Akiniona mgonjwa, niendelee kupumzika. Akiniona mzima, Jumatatu nikae kwenye mashine, la sivyo nafasi yangu apewe mwingine.

Alhamisi, 6 Machi

Nimelala tu, pazia limefungwa. Najiwekea nguvu za kesho. Jirani na redio yake — Mungu amsamehe, mimi bado.

Ijumaa, 7 Machi

Siandiki. Mkono hautaki.

Jumamosi, 8 Machi

Leo kidogo kidogo.

Jana asubuhi Mama alinipania. Kaniogesha, kanipaka mafuta, kanichana nywele. Gauni kaligeuza upande wake, kalipiga pasi mpaka mishono ikasimama. Nikamwambia, Mama, niache hivi hivi, ndivyo anione. Wapi! Binti yake hatoki nyumbani kama tambara, mtu huonana na daktari akiwa nadhifu. Nikavaa. Na wanja nikapaka, mjinga mimi!

Taa ya ofisini kwa daktari ilikuwa inalia, yeye haisikii. Kanipima presha, kanigonga magoti. Nikamweleza maumivu. Kanitazama juu mpaka chini, katabasamu: mbona umependeza! Vipimo safi, akasema, nikirudi kazini mwili utachangamka. Nikataka kumjibu, maneno yakagoma. Ndivyo inavyokuwa nikichoka. Akadhani nimekubali.

Na Mama akamshukuru! Kwa mikono miwili! Garini akamwambia dada: si nilisema, anajidekeza tu. Mimi niko kiti cha nyuma, si maiti, nasikia. Firimbi asiniamini, sawa. Lakini wewe uliyenizaa? Hilo limeniuma kupita mshono wowote.

Jumapili, 9 Machi

Mwili wote unawaka. Mama yuko sebuleni, anapiga pasi gauni langu la kazi huku anaimba. Ana furaha. Namchukia kidogo.

Jumatatu, 10 Machi

Dada yuko nje na gari, anapiga honi. Honi!

Mama alikuwa ananivalisha, maana mikono yangu haipandi. Alipofika kifungo cha shingoni nikapiga yowe. Sikukusudia, limetoka lenyewe. Ni kidole chake tu kilichonigusa. Kidole cha Mama, si sindano! Akakirudisha nyuma. Kisha akanigusa mkono, taratibu, kwa ncha ya kidole, huku ananitazama usoni. Machozi yakanitoka.

Akauliza: hata hapa?

Hata hapa, Mama.

Na siku ile nilipokuwa nakuchana?

Nikainamisha kichwa. Akanivua gauni la kazi. Nilidhani amekasirika, nikachukua kalamu nisimtazame.

Yuko dirishani. Ameingiza mkono ndani ya gauni, anavuta — mkono mmoja, mkono wa pili. Mishono nje.

Honi tena. Dada anaita, tumechelewa! Mama anakuja nalo, kalishika kwa ncha za vidole, na sijui kama ananivalisha niende hivi hivi kazini au nibaki, nadhani hata yeye hajui, na anasema inua mkono mwanangu, pole pole, usiha—