Isale Lenye Mistari

Machame,
9 Juni 1996

Kwa kaka yangu Aminieli,

Shikamoo kaka. Hujambo huko Holili, na wifi na watoto hawajambo? Sisi tupo, ila Mama mgongo unamsumbua tangu mvua zianze. Ng'ombe amezaa ndama jike.

Najua una hasira nasi. Violet, yule muuza ndizi anayekuja huko kwenu, alinieleza uliyomwambia siku tulipomzika Baba: kwamba ulimtumia mzee isale, ule mmea wetu wa kuombea radhi, kwa ile kahawa uliyoing'oa ukapanda nyanya, naye akalidharau. Tangu ulipolituma hujakanyaga nyumbani. Kaka, Baba hakulidharau. Hakuliona.

Violet aliponikabidhi ule mche, umefungwa kwenye gazeti lililolowa, alisema tu umetoka kwako, ni wa mzee. Majani yalikuwa na mistari ya manjano. Masale niliyokua nikiyaona mimi ni ya kijani, yale ya mipakani na makaburini. Nikadhani umetuletea ua la mjini! Nikalipanda nyuma ya zizi, kivulini mwa migomba, nikalitia samadi. Baba miguu ilishamshinda, huko hakuwa akifika. Lilistawi hata nikaringa nalo.

Mwaka jana likatoa chipukizi la kijani tupu. Nilipoliona nililitambua: lilikuwa isale hasa. Na jioni ileile Baba alilalamika kwamba hata jani moja la isale limekushinda kumletea.

Hapo ndipo ningesema. Sikusema. Kwanza niliona haya, halafu, Mungu anisamehe, nilipenda kuwa mtoto pekee aliyebaki mwema machoni pake. Kila chipukizi la kijani lilipochomoza nililikata, watu wasilitambue. Wageni walisifu ua langu, nami nikashukuru. Nilifanya hivyo miezi minane, mpaka Baba akafa akikungoja.

Mama nimeshamwambia. Tangu Jumapili hanisemeshi.

Wasalimie wote. Shangazi Eliona anakusalimu sana, anauliza lini utakuja.

Ndani ya bahasha utakuta jani. Mila inasema anayeletewa isale hakatai, lakini mimi niliyeificha mila sina uso wa kukushika nayo. Nakuomba tu, kaka. Nimelichuma kwenye mche wako mwenyewe. Lina mistari, lakini si ua.

Mdogo wako,
Tabitha