Mama Mkwe Ananiletea Kibuyu Kila Asubuhi

Mshauri mpendwa, shikamoo. Naomba msaada wako kabla sijafanya jambo la kujutia, maana katika nyumba hii sijui tena nimwamini nani. Mimi ni mke wa Hermani, na mwezi uliopita nilishindwa kujifungua, nikabebwa kwa machela hadi hospitali, daktari akanipasua, mtoto akatoka mzima, ila baadaye tumbo langu likavimba likawa gumu, choo hakuna, hata upepo hautoki, na kesho yake muuguzi mmoja, Kornelia, akaja akasema, "Mama, inuka utembee." Mshono wenyewe bado mbichi! Mama mkwe, aliyekuwa ananiuguza, akaninong'oneza, "Huyo anataka ufumuke. Kuna kitu wamekisahau humo ndani." Alikuwa na kibuyu cha dawa ya kuendesha tumbo, amekificha ndani ya shuka, lakini Kornelia akakiona akamwamuru akirudishe nyumbani, nami nikazidi kushuku, mbona anaiogopa dawa yetu? Nikatembea shingo upande, nimeshika tumbo, nikanywa maji ya moto kidogo kidogo, na baadaye upepo ukatoka, wodi nzima ikacheka, mimi nikalia kwa furaha. Sasa niko nyumbani, choo kimekuwa kigumu tena, mama mkwe amenikataza kutoka nje, na kila asubuhi ananiletea kibuyu kile, eti uchafu wa hospitali lazima utoke. Juzi nilimsikia akimwambia mume wangu, "Akikataa, ujue ana siri na wale watu." Hermani hali tena chakula ninachopika. Najiuliza, mama huyu anataka kunitibu, au anataka nafasi yangu aipate mwingine? Ninywe, nisinywe?

Benedikta, Tlawi

Benedikta, marahaba. Usinywe.

Pole kwa uliyopitia, lakini nawe umenichosha. Kornelia alikuinua ukamshuku, ukapona, na bado hujamshukuru hata kwa neno moja. Mtu akipasuliwa, matumbo hulala, na kutembea taratibu huyaamsha. Dawa kali isiyo na kipimo ingeweza kukuumiza vibaya wakati ule, na hata sasa unanyonyesha.

Kuhusu mama mkwe, sikuapii kwamba moyo wake ni safi; simjui. Ila wewe unayemwita adui, umewahi kumwuliza anaogopa nini? Umesikiliza mlangoni tu.

Sasa fanya hivi. Ukiamka, kunywa maji ya moto, na mchana uendelee kunywa. Kula uji mwepesi, mboga za majani na maharage. Choo kikibisha hodi nenda, usikizuie wala usijikamue. Ukikohoa, bana mshono kwa kitambaa kilichokunjwa. Mila ya kukaa ndani naijua, lakini kuzunguka uani hakuivunji. Tumbo likivimba tena, ukitapika, upepo ukikatika, homa ikipanda au mshono ukitoa usaha, nenda hospitali siku hiyo hiyo, usisubiri ruhusa ya mtu.

Na wewe Hermani, najua utasomewa barua hii. Kususa chakula cha mzazi mbichi ni aibu. Mchukue mama yako, mwende wote watatu kwa daktari, amwulize mwenyewe kama kuna kilichosahauliwa tumboni, ajibiwe mbele yako.

Kesho akija na kibuyu, Benedikta, mwamkie kwa heshima, ukiweke kando, umpe mjukuu wake ambebe. Kisha mwambie, "Mama, twende tutembee." Asipokuja, tembea peke yako.