Duka la Sidi, Kombani

Shemeji Fondo,

Dada yako Sidi amekufa. Tulimzika Ijumaa, Mkongani. Simu yako huko Saudia haikupatikana.

Watoto hawajambo. Mbuzi amezaa.

Duka lake nimelifunga. Tangu bajeti ibadilishe kodi ya mauzo, lazima kutoa risiti kwa simu na kupeleka hesabu kila mwezi. Sidi alijifunza, mimi sijui. Nilikwenda ofisi ya kodi Kwale. Msichana wa hapo akasema, "Mzee, mwenye duka mwenyewe aje." Nikamwambia, "Kamwite wewe, mimi nimeshamzika." Akaniletea kiti. Akasema duka liandikwe jina langu, atanifundisha.

Nimekataa. Wateja wakifika bado wanaita "Sidi!" na mimi siwezi kuitika. Nitaliuza. Najua ulilijenga wewe. Usinikasirikie.

Kesho narudi kazini kukata mawe.

Shemeji yako,
Sanga